Kabla Hujakopa Hela ya Mashine, Jifunze Kunoa Randa



Wiki tatu zilizopita kijana mmoja anayefuga nyuki na kuku alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Bwana shamba, nataka nikope ninunue mashine ya useremala, ile yenye randa na msumeno pamoja. Nimechoka kuwalipa mafundi. Nataka mizinga arobaini kabla ya mvua. Unanishauri nini?"

Nikamuuliza, una zana gani sasa hivi? Akacheka. "Nyundo tu, na msumeno wa marehemu babu. Haukati." Nikamuuliza tena, umewahi kuunoa? Kimya.

Makala ya leo ni jibu langu kwake, refu kuliko lile nililompa kwenye simu, maana najua hayuko peke yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana ajue pa kuanzia kubishana. Kwa kazi za mbao za shamba la kijana anayeanza, yaani mizinga, viota vya kuku, vibanda vya sungura, makasha ya nyanya na milango ya mabanda, kazi nzuri inatokana na vitu viwili: vipimo na makali. Vyote viwili unavipata kwa hela ndogo. Ukishavipata, mashine itakusaidia kwenda haraka. Usipovipata, mashine itakusaidia kuharibu mbao haraka.

Najua hili kwa sababu niliwahi kuharibu, tena kwa niaba ya wengine.

Kosa langu la milimita sita

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kikundi cha vijana waliotaka kuacha mizinga ya magogo na kuingia kwenye mizinga ya kisasa ya TBH. Wengi mnaijua. Ni sanduku lenye pande zilizolala, na juu yake hupangwa viunzi, vile vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake. Mzinga huu uliendelezwa Kenya miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji ufundi mkubwa. Sanduku likiwa refu kidogo au fupi kidogo, nyuki hawajali. Kitu kimoja tu wanakijali sana, nacho ni upana wa kiunzi. Kwa nyuki wetu wa Afrika kiunzi kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32. Hiyo ndiyo nafasi ambayo nyuki wenyewe huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata wanapojenga bila kuingiliwa na mtu.

Tukachanga hela, tukampa fundi kazi ya mizinga 20. Mimi ndiye niliyekwenda kumpa maelekezo. Sikumwandikia. Nilimwambia kwa mdomo kwamba viunzi viwe "inchi moja na kitu hivi." Yeye akafanya kama fundi yeyote mwenye haraka angefanya, akapasua inchi moja na nusu, ambayo ni milimita 38. Inchi moja na robo ingekuwa karibu kabisa na 32. Tofauti ni milimita 6, unene wa penseli hivi.

Mizinga ilipokuja ilipendeza. Imepigwa randa, imeng'aa. Kila mzinga ulikuwa na viunzi 23 na mwishoni fundi ameziba pengo kwa kipande cha mbao cha sentimita mbili. Yule mwenye macho angeshtuka pale pale. Mzinga wa urefu ule, sentimita 90 kasoro kidogo kwa ndani, unabeba viunzi 28 vya milimita 32. Pale vilikuwepo 23. Mimi nilihesabu mizinga, sikuhesabu viunzi.

Nyuki wakaingia vizuri tu. Siku ya kurina ndipo tulipojua. Kwa kuwa nafasi ilikuwa kubwa kuliko wanavyotaka, walikuwa wameanza sega kwenye kiunzi kimoja, wakakata kona, wakamalizia kwenye kiunzi cha pili au cha tatu. Ukinyanyua kimoja unararua masega matatu. Asali ikamwagika ndani ya mzinga, majana yakasagika, nyuki wakachachamaa. Makundi kadhaa yalihama ndani ya siku chache. Mzinga wa kisasa ukawa mbaya kuliko gogo, maana kwenye gogo angalau mtu anajua anakwenda kukata.

Vijana wale walikuwa wameuza mbuzi na kuku kulipia mizinga ile. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Tulivyotengeneza viunzi 560

Hela ya kumrudia fundi haikuwepo. Mizinga 20 mara viunzi 28 ni viunzi 560. Tukaamua kuvitengeneza wenyewe kiangazi kile, na hapo ndipo nilipojifunza haya ninayowaandikia. Zana zetu zilikuwa misumeno miwili, randa moja kuukuu, nyundo, na tepu ya dukani ya bei ya chini kabisa.

Viunzi mia vya kwanza, karibu nusu yake vilikwenda jikoni kuwa kuni. Sababu zilikuwa mbili.

Kwanza, zana zilikuwa butu. Msumeno butu hauendi unapotaka wewe, unakwenda unapotaka wenyewe. Unausukuma kwa nguvu, unahama mstari, unapindisha ubao. Randa butu inarukaruka na kung'oa nyuzi za mbao badala ya kuzikata. Watu wanalaumu zana kuwa ni za bei rahisi, kumbe hata ya bei ghali ikiwa butu inafanya vilevile.

Pili, tulikuwa tunapima vibaya. Tulikata kiunzi cha kwanza, tukakitumia kuchorea cha pili, cha pili tukakitumia kuchorea cha tatu, tukaendelea hivyo. Kila mara penseli inaongeza unene wake. Ukifika cha ishirini huwezi kuamini kuwa kinatokana na cha kwanza.

Mzee mmoja seremala aliyekuwa akipita kwenda dukani akasimama akatutazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba randa yetu, akatoa chuma chake, akakigusa kwa kidole gumba, akasema, "Wanangu, hii si randa, hii ni kijiko." Alikaa nasi jioni mbili. Hakutuambia tununue kitu chochote zaidi ya tupa na msasa. Tangu hapo kuni za viunzi zikapungua mpaka zikaisha kabisa.

Zana za kuanzia

Hizi ndizo ninazomshauri kijana anunue kwanza. Mpya au za mitumba, na za mitumba mara nyingine zina chuma kizuri kuliko mpya za bei rahisi.

Msumeno wa mkono mmoja. Utazame kwa jicho moja kutoka kwenye mpini kama unavyotazama bunduki. Ukiwa umepinda, uache. Angalia pia meno yake. Misumeno mingi mipya ina meno yaliyochomwa yakawa magumu, utayajua kwa weusi au ubluu kwenye ncha. Hayo tupa haiyagusi, inateleza tu juu yake. Msumeno wa namna hiyo unakata vizuri sana ukiwa mpya, ukiisha makali unanunua mwingine. Ukitaka wa kunoa mwaka hadi mwaka, tafuta wenye meno ya kawaida. Ule wa marehemu babu ndio huo.

Randa ya chuma, ya ukubwa wa kati. Igeuze, uweke kitu kilichonyooka kwenye tumbo lake, utazame mwanga. Ikiwa imepinda sana usiichukue. Kutu ya juu juu isikutishe.

Tepu na skwea. Tumia tepu moja kwa kazi nzima, usianze na yako ukamalizia na ya jirani, kwani tepu mbili za bei rahisi zinaweza kutofautiana. Skwea ijaribu hapo hapo dukani. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari miwili ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kama mkasi, mrudishie mwenye duka.

Nyundo, koleo, na patasi moja ya kama inchi moja.

Tupa ya pembetatu kwa ajili ya msumeno, msasa wa maji wa namba 400 na 1000, na kipande cha kioo kinene. Hivi ndivyo watu wanavyoviacha dukani kwa kuona si zana. Mimi nasema ukipungukiwa hela, acha patasi, usiache hivi.

Meza ya kazi usinunue. Chimbia magogo mawili chini ya mti, pigilia ubao mnene juu, pigilia kipande kidogo mbele cha kuzuia mbao isikimbie unaporanda. Huna vyuma vya kubania? Kabari za mbao zinabana. Kamba iliyozungushwa mara mbili na kukazwa kwa kijiti inabana pia.

Kunoa, hatua kwa hatua

Chuma cha randa. Lowesha msasa namba 400, ulaze juu ya kioo. Anza na mgongo wa chuma, ule upande uliolala. Usugue ukiwa umelala kabisa mpaka sehemu ya karibu na makali ing'ae yote. Kisha geuza upande wenye mteremko, ulaze mteremko wake kwenye msasa, usugue bila kuyumbisha mkono. Mteremko uwe nyuzi 25 hadi 30. Endelea mpaka ukipitisha kidole mgongoni, kutoka nyuma kwenda kwenye ncha, uhisi kikwaruzo chembamba kimejikunja upande mzima wa makali. Kikwaruzo hicho ndiyo taarifa kuwa umefika. Hamia msasa namba 1000, rudia, kisha ulaze mgongo mara mbili tatu kukiondoa. Malizia kwenye mkanda wa ngozi wa zamani ukivuta nyuma. Rudisha kwenye randa, kitokeze kidogo sana, unene wa karatasi.

Utajuaje umepatia? Maranda yatatoka marefu kama utepe, na ubao utakuwa laini bila kuhitaji msasa. Maranda hayo yamwage kwenye banda la kuku, ni matandiko mazuri, mradi mbao isiwe imetibiwa kwa dawa.

Msumeno. Ubane kati ya mbao mbili meno yakitazama juu. Pitisha tupa bapa juu ya meno mara moja au mbili ili yalingane urefu. Halafu chukua tupa ya pembetatu, ingiza kwenye bonde kati ya jino na jino kwa pembe ile ile iliyokuwepo, sukuma mbele tu, usirudi nyuma ukikandamiza. Kila bonde lipate idadi sawa ya misukumo, mbili au tatu. Ruka bonde moja, noa linalofuata, ukimaliza geuka upande wa pili unoe yale uliyoruka. Meno yanatakiwa yaelekee jino moja kulia, jingine kushoto, kidogo tu, ili msumeno usikwame kwenye njia yake. Yakiwa yamelala yote, muombe seremala wa jirani akupangie mara ya kwanza huku ukimtazama. Soda moja inatosha kumshukuru.

Mara ya kwanza utatumia nusu siku. Mara ya tano utatumia dakika ishirini.

Kupima bila kudanganyana

Kwenye kazi ya vipande vingi vinavyofanana, tepu itumie mara moja tu. Tengeneza kipande kimoja cha mfano kwa uangalifu wote ulionao, kiandike "MFANO" kwa rangi nyekundu, na kila kipande kipimwe kwa hicho. Kisitumike kingine, hata kama kiko karibu na mkono.

Kwa viunzi, fanya hivi. Chukua kipande cha ubao, ukate mdomo wa upana wa milimita 32. Kila kiunzi kikipita mdomoni bila kulazimishwa na bila kuchezacheza, kimefaulu. Kisha fanya jaribio la pili, panga viunzi kumi vibanane, upime jumla. Milimita 320. Ikizidi kidogo kama mbili au tatu, sawa. Ikifika 335, rudi kwenye randa. Jaribio hili linakamata kosa dogo ambalo jicho halilioni kwenye kimoja kimoja.

Pande za mzinga zinatakiwa zikutane na sakafu kwa pembe ya nyuzi 120. Usiogope hesabu. Kata vijiti vitatu vya urefu sawa, vipigilie viwe pembetatu. Kila kona yake ni nyuzi 60, na pembe inayobaki nje ya kona ni 120. Hicho ndicho kipimo chako. Mimi ubao wa mwisho wa mzinga nauchora sentimita 44 juu, 19 chini, kina 22, na viunzi nakata urefu wa sentimita 48 ili vikae juu ya kuta.

Kwa mlango, kreti au sanduku lolote la pembe nne, pima kutoka kona hadi kona iliyo mkabala. Vipimo viwili vikilingana, limekaa mraba. Visipolingana, sukuma kona ya upande mrefu kabla hujapigilia misumari yote. Kwa banda zima tumia tatu-nne-tano, mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na kati ya ncha zake iwe mita 5 kamili.

Jambo jingine ni ukavu. Mbao mbichi hunywea upana, urefu haubadiliki sana. Ukipasua kiunzi cha milimita 32 kwenye mbao mbichi, baada ya muda una kiunzi cha 31 au pungufu, na mzinga wenye nyufa. Panga mbao kivulini, katikati ya ubao na ubao weka vijiti hewa ipite. Chukua kipande kimoja ukipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Na misumari isipasue mbao. Igonge ncha kidogo iwe butu kabla ya kuipigilia, au toboa kwanza kwa msumari mwembamba zaidi uliokatwa kichwa, ukauweka kwenye drili ya kuazima.

Grenda: hapa sitanii

Najua wengi mmeshaona njia ya mkato. Unanunua grenda ya kukatia chuma, unafunga diski ya meno ya kukatia mbao, eti umepata msumeno wa umeme kwa bei ya chini. Vijana, acheni. Grenda inazunguka kwa kasi kubwa, haina kinga inayofaa diski ya namna hiyo, na meno yakikamatwa na mbao inarushwa nyuma kwenye mkono, paja au shingo kabla hujafikiri. Kijana ninayemfahamu alipoteza vidole viwili akikata fito za kibanda cha kuku. Vifaranga aliviuza ili kulipia matibabu. Ukitaka kujua bei halisi ya ile grenda, hesabu hapo.

Msumeno wa mkono utakukwaruza. Utaweka plasta, utaendelea na kazi.

Wanaonibishia

Hoja ya kwanza, "Bwana shamba, muda wangu ni hela, acha fundi afanye kazi yake nami nifanye yangu." Hii ni hoja nzuri, na kwa kiasi naikubali. Masika ukiwa na palizi, usishike randa, mlipe fundi. Mzinga wa Langstroth pia mwachie fundi mzuri au kiwanda. Ule ulibuniwa na Mmarekani Lorenzo Langstroth aliyepata hataza mwaka 1852, na kazi yake yote imesimama kwenye nafasi ya milimita 6 hadi 9 ambayo nyuki huiacha wazi kila mahali, kati ya fremu na ukuta, kati ya fremu na mfuniko. Ikizidi wanajenga sega humo, ikipungua wanaziba kwa gundi yao. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Lakini shamba lina kazi nyingine ambazo fundi haji kwa wakati. Mlango wa banda umeng'oka saa kumi na mbili jioni na kicheche anasubiri giza. Makasha ya nyanya yamevunjika na gari la mnunuzi liko njiani. Hapo muda wako si hela, muda wa fundi ndio hela, na hayupo. Tena mtu anayejua kupima ni mteja mwingine kabisa mbele ya fundi. Mimi ningekuwa najua haya siku ile, ningempelekea fundi kipande cha mfano mkononi, si maneno. Sehemu kubwa ya hasara yetu ilikuwa yangu, si yake.

Hoja ya pili, "Kupasua viunzi 560 kwa mkono ni utumwa." Kweli kabisa. Hata sisi hatukupasua vyote. Baada ya viunzi mia za kwanza tulipeleka mbao kwa mwenye mashine, tukamlipa apasue vipande vya milimita 34, sisi tukaranda mpaka 32. Kukodi mashine kwa saa mbili ni akili. Kuikopea ikae kwako mwaka mzima ikifanya kazi ya saa mbili, hiyo sina jina lake zuri.

Hoja ya tatu, "Mimi sina kipaji cha ufundi." Wazee wetu wa huku Singida na kule Tabora walichonga mizinga kwa shoka na tezo, na wengine walibandua magome ya miti wakashona mzinga bila msumari hata mmoja. Hawakuzaliwa na kipaji wote. Walizaliwa kwenye nyumba ambayo kila kijana alifundishwa kunoa shoka lake kabla hajaruhusiwa kulitumia. Sisi tumewapa vijana simu, hatujawapa kinoo.

Anayestahili mashine

Sisemi mashine ni mbaya. Ukishatengeneza mizinga kumi kwa mkono na majirani wanakuja kununua, ukawa na oda unazozikataa kwa kukosa muda, hapo njoo tuzungumze mkopo. Utakuwa unajua unataka mashine ya nini, itakata nini, na italipwa na nani. Hapo mkopo una sura. Ukikopa kabla ya hapo unakopea ndoto, na marejesho hayasubiri ndoto itimie. Mwezi ukifika yanadaiwa, mzinga uwe na asali au usiwe nayo.

Anza na kitu kidogo. Kiota cha kuku ni shule nzuri, sanduku la sentimita 30 kwa 30 na kina cha 35, kimoja kwa kuku wanne au watano wa mayai. Kikiwa kimepinda kidogo, kuku hatalalamika. Baada ya viota sita, tengeneza kasha la nyanya, na la ndani lirandwe vizuri, maana kila kibanzi kinachojitokeza ni nyanya moja iliyotobolewa sokoni. Mzinga uwe wa tatu. Na ndani ya mzinga usipake dawa ya mbao wala oili chafu, hata kama mchwa wanakutisha. Mzinga uning'inize kwa waya, mchwa wasiufikie.

Yule kijana wa simu, mkopo ameuahirisha. Aliununua msasa na tupa, akaunoa msumeno wa babu yake. Wiki iliyopita alinitumia picha ya viunzi kumi vimepangwa kwenye tepu. Vilisoma 336. Akaandika chini, "Si imekaribia, bwana shamba?" Nikamjibu haijakaribia, rudi kwenye randa. Hakujibu siku mbili, nikadhani amekasirika.

Jumapili ikaja picha nyingine. 321. Hiyo nimeipitisha.

Wewe mwenye mizinga ya TBH tayari, iwe ya fundi, ya mradi au ya kununua, kesho asubuhi nenda kwenye ile ambayo bado haijaingia nyuki. Toa viunzi kumi, vipange vibanane, pima. Ukipata namba iliyo mbali na 320, usisubiri siku ya kurina ndiyo ikuambie.

Tuonane shambani.